Harufu ya Dagaa Wangu

Kila mwaka chuoni tunapofika Wagalatia sura ya pili, wanafunzi wangu humcheka Petro. Kule Antiokia alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa bila shida yoyote. Walipofika wageni kutoka Yerusalemu akaanza kujitenga kidogo kidogo, akiogopa watasema nini. "Mtume mzima!" wanafunzi husema. "Tena baada ya kuona yale maono ya wanyama kule Yafa!" Wengine hushangaa kwamba ugomvi mkubwa vile kati ya mitume ulianzia mezani, kwenye chakula.

Mimi sicheki wala sishangai. Kosa la Petro niliwahi kulifanya mwenyewe, nalo lilianzia jikoni. Nimelisimulia kwa watu wachache tu. Leo naliandika kwa sababu naona bado lina kazi ya kufanya katika sharika zetu.

Oktoba 2014 nilikwenda Ujerumani kwa masomo ya mwaka mmoja. Nilipangiwa chumba katika nyumba ya wanafunzi, kwenye mji mmoja wa Saksonia. Ghorofa yetu ilikuwa na vyumba vinane na jiko moja la pamoja. Walikuwepo Wajerumani watano, dada mmoja wa Poland, mimi, na kijana wa Kichina wa miaka 23 aliyekuja kusomea uhandisi wa mitambo. Sitamtaja jina. Yeye aliniita "dage", yaani kaka mkubwa, na mimi nikamwita mdogo wangu. Tulizungumza kwa Kijerumani, kibovu pande zote mbili, na labda ndiyo sababu tulielewana upesi: hakuna aliyemwonea mwenzake aibu.

Kwao ni Taiyuan, makao makuu ya mkoa wa Shanxi, kaskazini mwa China. Hakuwahi kutoka nje ya nchi yake. Aliniambia kwamba mama yake alimfungia kwenye begi nyama ya ng'ombe ya Pingyao, ambayo ni sifa ya mkoa wao kama vile kuku walivyo sifa ya kwetu Singida. Alipotua, wakaguzi wa forodha wakalifungua begi. Sheria ya Umoja wa Ulaya haimruhusu msafiri kuingiza nyama wala maziwa kutoka nje, kwa hiyo ile nyama ikatupwa kwenye pipa mbele ya macho yake. "Bei yake haikuniuma," alisema. "Niliona mkono wa mama unatupwa."

Mimi niliposikia hayo nilikaa kimya, maana mama yangu naye alikuwa amenifungia kilo mbili za dagaa wa Mwanza. Samaki wa kula mwenyewe wanaruhusiwa. Sheria ileile iliyomnyang'anya yeye nyama ilinipitisha mimi na dagaa wangu.

Wiki za kwanza zilimtesa. Mchana tulikula kantini ya chuo: viazi, soseji, mchuzi mzito. Jioni wenzetu walikula mkate, jibini na vipande vya nyama baridi, wakashiba na kufurahi. Kwake yeye chakula kisichopita motoni hakikuwa chakula. Maziwa yalimvuruga tumbo. Hata maji yalikuwa tatizo, kwani kwao watu hunywa maji ya moto kama sisi tunavyokunywa chai. Alitembea na chupa yake ya kutunza joto darasani, maktaba na kwenye treni, na wenzetu wakawa wanamuuliza kama anaumwa.

Siku moja akaniambia jambo lililonigusa. Alisema wazee wa kwao wamezoea kusalimiana kwa swali moja: "Umekula?" Nikacheka, nikamweleza kwamba na sisi Iramba ukimpita mtu yuko mezani hakuachi upite hivi hivi, lazima akukaribishe. Akatikisa kichwa. "Hapa watu ni wema," alisema. "Wananiuliza natoka wapi, nasoma nini, nitakaa muda gani. Wiki tatu sasa, hakuna aliyeniuliza kama nimekula."

Kitu kimoja alichofanikiwa kufika nacho ni siki. Watu wa Shanxi wanajulikana China nzima kwa kupenda siki, nyeusi, nzito, iliyokaa muda mrefu ikakomaa. Aliiweka kwenye tambi, kwenye supu, kwenye kila kitu. Jioni moja nilikuwa nikiiangalia ile chupa mezani, nikaona kwenye karatasi yake picha ya suke. Nilishtuka. "Huu ni mtama!" nikamwambia. Akasema kwao wanauita gaoliang, na ndio unaotengeneza siki yao. Nikamwambia mimi nimekua kwa ugali wa nafaka hiyo, na kwamba shambani kwa mama yangu nilikuwa mlinzi wa ndege wakati suke linapokomaa.

Baadaye nilisoma kwamba mtama ulianza kulimwa huku kwetu Afrika, upande wa Sudan, kisha ukasafiri na wanadamu hadi India na China. Nilipomweleza alikaa akifikiri, halafu akasema, "Kumbe siki yetu babu yake ni Mwafrika." Tangu siku ile akawa ananimiminia kijiko kimoja kila anapokula, bila kuuliza. Kwao mwenyeji humchagulia mgeni kipande kizuri na kumwekea bakulini. Ndivyo wanavyosema "nakujali" bila kulitamka.

Tarehe 31 Oktoba, Siku ya Matengenezo, tulikwenda Wittenberg. Kulikuwa na tiketi ya kundi ya treni za mkoa, watu watano wakachanga wakasafiri siku nzima. Yeye alikuja kwa ajili ya safari tu. Hakuwa Mkristo, wala hakujifanya. Nilimwonyesha mlango wa Kanisa la Ngome, ambao sasa ni wa shaba ukiwa na zile hoja 95. Akaupiga picha kwa heshima. Lakini kilichomsimamisha kilikuwa ndani ya Kanisa la Mtakatifu Maria, ambako Luther alikuwa akihubiri. Pale madhabahuni kuna mchoro wa Cranach wa mwaka 1547. Katikati yake ni Karamu ya Bwana, na mitume wameketi kuizunguka meza ya duara. Luther mwenyewe amechorwa miongoni mwao, akiwa na ndevu, anapewa kikombe.

"Meza yao ni ya duara," mdogo wangu akaninong'oneza. "Kama nyumbani. Kwenye meza ya duara hakuna anayekaa mwisho." Kisha akauliza, "Huyu mwenye kikombe ni nani?" Nikamweleza. "Na yule pale, anayelishwa?" Nikamwambia ni Yuda. Akaiangalia picha muda mrefu. "Naye amepewa chakula?" aliuliza. Nikasema ndiyo. Nilijiona mwalimu mzuri sana siku ile. Sikujua kwamba swali lile lingenirudia.

Alhamisi moja ya Novemba nilikuwa na hamu ya nyumbani isiyovumilika. Baridi ilikuwa imeingia, na saa kumi na moja jioni kumekwisha kuwa giza. Jikoni hakukuwa na mtu. Nikatoa dagaa, nikawakaanga kwa vitunguu na nyanya, nikasonga ugali wa unga wa mahindi nilioupata kwenye duka la wahamiaji. Nilikula nikaimba nyimbo za kwetu kwa Kinyiramba. Nikaosha vyombo, nikaenda kulala nikiwa mtu mpya.

Asubuhi nilikuta karatasi kwenye friji. Mtu aliandika kwamba harufu ya samaki imeingia hadi kwenye makoti ya ukumbini, na kwamba asiyeweza kupika bila kuinukisha ghorofa nzima ni afadhali asipike. Jumapili jioni ukaitishwa mkutano wa ghorofa. Mmoja wetu akazungumza kwa upole, akasema tunaheshimu utamaduni wa kila mtu, ila tuvumiliane. Alipokuwa akisema alimtazama Mchina. Wote wakamtazama Mchina. Yeye ndiye aliyekuwa na siki, vitunguu saumu, na mitungi ya vitu wasivyovijua. Hakuna aliyefikiria kuniangalia mimi. Mimi nilikuwa mchungaji.

Yeye aliniangalia. Mara moja tu. Kisha akasema, "Samahanini. Haitatokea tena." Mkutano ukaisha. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na nakumbuka kwamba chai ile sikuimaliza.

Sikusema uongo hata neno moja. Hilo ndilo nililojiambia usiku ule. Nikajipa na sababu nyingine: kwamba mimi ni Mwafrika pekee pale, na nikisema watasema Waafrika wote wananuka, kwamba nabeba jina la kanisa lililonituma, kwamba jambo lenyewe ni dogo, kesho litasahaulika. Lakini kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa kipaimara Amri ya Nane pamoja na maelezo ya Luther katika Katekisimo Ndogo. Luther hakuishia kwenye kutosema uongo. Anadai tumtetee jirani yetu, tumseme vizuri, tuyapokee mambo yake kwa upande ulio mwema. Watoto wa miaka kumi na minne waliikariri mbele yangu, nami nikawapa alama.

Kuanzia siku ile mdogo wangu aliacha kupika. Jioni alijifungia chumbani, akamimina maji ya moto kwenye tambi za pakiti, akala peke yake. Uso wake ukakonda. Tulipokutana ukumbini tulisalimiana, lakini hakuniita tena dage. Siki ikahama kutoka mezani. Nami dagaa wangu nikawafunga kwenye mifuko mitatu ya plastiki, nikawaweka chini kabisa ya kabati. Sikuwapika tena. Krismasi ikaja, mwaka ukageuka, na mimi bado niko kimya. Kimya kina tabia hiyo: kila siku inayopita bei ya kukivunja inapanda.

Mwaka 2015, Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari. Niliamka nikiwa nimeamua kufunga mpaka usiku, nikaenda kwenye ibada ya asubuhi ya wanafunzi. Lilisomwa neno la Mathayo sura ya sita, Bwana anapowaonya wale wanaokunja nyuso zao ili waonekane wamefunga. Nilijaribu kuomba. Badala yake akili yangu ikarudi sura moja nyuma, kwenye yule mtu aliyefika na sadaka yake madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Bwana anamwambia aiache palepale, aende kwanza akapatane naye. Nikakumbuka pia Wittenberg, na swali kuhusu Yuda: naye amepewa chakula? Nilitoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Nilimkuta jikoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Novemba. Meza yote ilikuwa na unga. Kumbe siku ile ilikuwa mkesha wa mwaka mpya wa Kichina, na kesho yake unaanza mwaka wa mbuzi, au wa kondoo, kwa kuwa kwa Kichina wanyama hao wawili wana jina moja. Kwao wakati huo mamia ya mamilioni ya watu husafiri kurudi nyumbani. Yeye mwenyewe aliwahi kusimama kwenye treni usiku kucha, kwa sababu tiketi za viti zilikwisha, ili tu afike mezani kwa wazazi wake. Mwaka huu hakuweza. Alikuwa ameomba ruhusa ya wenzetu kupika siku hiyo moja. Ruhusa! Na kosa hakulifanya yeye.

Nikasema nikiwa nimesimama mlangoni, bado na koti. "Mdogo wangu, wale samaki walikuwa wangu. Nilinyamaza wakakulaumu wewe. Nimekukosea."

Hakuacha kukanda. "Najua," alisema. "Nilikuwa chumbani. Nilikusikia unaimba."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akafikiri, akitafuta maneno ya Kijerumani. Alisema wiki ya kwanza alikasirika kiasi kwamba hakutaka kuniona. Alikuwa akingoja niseme mwenyewe. Halafu akasema: "Ulipopika wale samaki uliimba kwa sauti ya mtu aliyefika kwao. Nikaona, nikisema ni wewe, utaacha kupika na utaacha kuimba. Kwa hiyo nikachukua mimi. Lakini umeacha hata hivyo. Sasa hapikiki mtu, haimbiki wimbo. Tumepata hasara wote wawili."

Wapendwa, nimesikia mahubiri mengi juu ya mmoja kuchukua lawama ya mwingine, na mengine nimeyahubiri mimi. Siku ile nilisikia habari hiyo kutoka kwa mtu asiyebatizwa, mwenye unga mpaka kwenye viwiko, na sikuwa na la kujibu. Simfanyi kuwa Kristo. Yeye mwenyewe angecheka. Nasema tu kwamba nilijifunza uzito wa neno hilo mahali ambapo sikulitegemea.

Nilivua koti. Nikagonga milango ya ghorofa nzima, nikawaambia waliokuwepo kwamba dagaa walikuwa wangu. Mmoja alicheka, akasema amesahau kabisa. Yule aliyeandika karatasi hakucheka. Alinyamaza, kisha akaenda mwenyewe jikoni kumwomba Mchina radhi. Akabaki huko, akafundishwa kukunja jiaozi.

Jiaozi ni vipande vya unga wa ngano vinavyokunjwa na kujazwa nyama na kabichi, mfano wa sambusa ndogo, ila huchemshwa kwenye maji. Kwao kaskazini huliwa usiku wa manane mwaka unapogeuka. Saa sita usiku ya Taiyuan ni saa kumi na moja jioni ya Ujerumani, kwa hiyo tuliketi saa hiyo. Za kwangu nyingi zilipasuka sufuriani. Alikuwa ameficha sarafu ndani ya moja, kwa desturi yao kwamba atakayeipata atakuwa na mwaka mwema. Hatukuiona, akaja kuipata mwenyewe kesho yake kwenye kiporo. Katikati ya meza aliweka bakuli la siki, ile ya mtama, na sote tukawa tunachovya humo.

Mfungo wangu niliuvunja hapo. Sikujisikia vibaya. Isaya sura ya 58 inasema mfungo anaoutaka Bwana ni pamoja na kummegea mwenye njaa chakula chako, na mimi hata chakula cha kumega sikuwa nacho, nilimegewa. Nilimkumbuka Ruthu, mwanamke Mmoabi, mgeni shambani Bethlehemu. Boazi hakumpa ruhusa ya kuokota masazo tu. Wakati wa kula alimkaribisha akae na wavunaji, achovye pamoja nao kwenye siki. Miaka mingi niliusoma mstari ule kama kitu kidogo cha kupamba hadithi. Sasa naona kwamba pale ndipo Ruthu alipoacha kuwa mgeni.

Tukiwa bado tunakula, mama yake alipiga simu ya picha. Kwao fataki zilikuwa zikilia. Mwanawe akamwonyesha meza yetu, akatuonyesha na sisi. Mama akaniangalia kwa makini, akasema neno. Kijana akacheka, akanigeukia.

"Mama anauliza: kaka mkubwa, umekula?"

Baada ya wiki mbili nilifungua mifuko yangu mitatu, nikapika dagaa kwa ghorofa nzima, madirisha wazi. Wanne walikula. Mdogo wangu aliwamwagia siki, na sina budi kukiri kwamba waliongezeka utamu.

Sasa niseme kwa nini nimeandika. Katika sehemu nyingi za nchi yetu wapo Wachina wanaojenga barabara, wanaouza maduka, wanaosimamia viwanda. Watoto wetu huwapigia kelele njiani. Sokoni tunataniana kuhusu wanachokula, nasi wazee wa kanisa tunacheka. Wengine wamekaa wilayani kwetu miaka na miaka, wananunua nyanya na kuku kwetu, na hawajawahi kuingia ndani ya nyumba ya mshirika hata mmoja. Nao ni watoto wa mtu. Yupo mama mahali fulani aliyewafungia kitu kwenye begi. Na siyo Wachina tu. Yupo mtumishi aliyehamishiwa kijijini kwenu kutoka mkoa wa mbali; yupo mkwe kutoka kabila lingine, ambaye mapishi yake tunayasemea pembeni. Mara ngapi harufu ilikuwa ya kwetu, tukaacha alaumiwe mgeni?

Mdogo wangu alirudi China, ana mke na mtoto. Hajawa Mkristo, kwa kadiri ninavyojua, nami namwombea kwa jina. Kila mwaka mpya wa kwao huniletea ujumbe wa maneno mawili, na mimi humjibu. Mara nyingi majira hayo huwa karibu na Kwaresima, kwa hiyo ujumbe wake umekuwa sehemu ya maandalizi yangu. Najiuliza kwanza mimi, halafu nauliza waliokaa karibu yangu: umekula?

Bwana Yesu, uliyeketi mezani hata na yule aliyekusaliti, utusamehe kimya chetu. Tupe ujasiri wa kusema kosa ni langu, na moyo wa kusogeza kiti kwa ajili ya mgeni. Amina.